Komfri ya Jaani

Bimkubwa binti Tembo alikuwa na ufagio wa chelewa ambao Mwabungo nzima tuliuheshimu kuliko bakora ya mwalimu. Alfajiri, jogoo hajamaliza hata ubeti wake wa kwanza, ungesikia chwa, chwa, chwa, ukajua mchanga wa watu umeshaamshwa. Alifagia mbele, akafagia ubavuni, akafagia hata njia ya umma iliyopita karibu na nyumba yake, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Unyayo wa mgeni ukitua pale ulionekana kama tone la mchuzi kwenye kanzu ya Idi. Kuku wake, tulisema, walitembea kwa ncha za vidole.

Lakini msimcheke sana. Kwetu uwanja ndio uso wa nyumba. Mwanamke mwenye nyasi mlangoni ama ni mgonjwa, ama amefiwa, ama ni mvivu, na watu humtaka achague upesi ni lipi kati ya hayo. Bimkubwa alikwishakuwa mgonjwa, alikwishafiwa na mume, na katika hayo yote ufagio haukulala. Ndiyo maana tulishangaa mwanawe Abdulrahim, ambaye tangu utotoni alifundishwa kuvua viatu hata uani, alipokwenda kuoa Ndavaya, kule bara kwenye vumbi.

Mke mwenyewe aliitwa Sidi. Aliposilimu alipewa jina la Zuhura, jina zuri ambalo sheikh alilitamka siku ya nikahi na hakuna aliyelikumbuka tena. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye adabu ya kumaliza maneno ya wakubwa kwa "Naam, mama" hata pale ambapo mama mwenyewe hajajua anataka kusema nini. Bimkubwa alimpenda. Hili mlijue mapema, maana hadithi ikifika mbele mtataka kumchukia, na mtakuwa mnakosea.

Babake Sidi, mzee Mwinga, alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake, magogo yaliyochongwa yakawa matupu ndani, ilining'inia kwenye migunga ya Ndavaya tangu ujana wake. Kisha ukaja ule ukame, na baada ya ukame yakaja mafuriko, na mzinga mmoja mmoja ukanyamaza. Ulipobaki mmoja tu unaovuma, na magoti ya mzee yamekataa kupanda mti, akamwita bintiye na mkwewe.

"Uchukueni huu," akasema. "Huku hakuna ua tena, na mimi sina ninachoweza kupanda isipokuwa kitanda."

"Baba, nyuki si kuku," Sidi akasema. "Wakikataa pwani?"

"Nyuki hawana kamba, mwanangu. Huwafungi. Ukiwapa chakula watakaa, ukiwanyima watahama, wala hawaagi. Wawekee ua mwaka mzima, basi. Wakiwapo hao, nami nipo."

Maneno hayo Sidi aliyabeba kwa uzito kuliko gogo lenyewe. Wakaziba matundu ya mzinga kwa kinyesi cha ng'ombe, wakaupakia juu ya lori la makaa. Dereva alipouliza ndani mna nini, Abdulrahim akamwambia mna dawa. Njiani dawa ikaanza kuvuma. Tunaambiwa lori lile lilifika Ukunda kabla ya wakati wake.

Mzinga ukatundikwa kwenye mkanju, mti wa korosho, nyuma ya nyumba. Bimkubwa akautazama kwa mbali kama mtu atazamavyo mgeni aliyekuja na godoro lake.

"Kwa heshima ya mzee, nitawavumilia," akasema. "Lakini wasinizoee."

Hawakumzoea. Wiki hiyohiyo mmoja alimuuma mdomo wa juu, ukavimba, akashindwa kusema neno siku nzima. Binti yake Mwanafatuma, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya talaka na ulimi wake wote, alisimama uani akatangaza, "Jamani, hawa nyuki wana baraka! Asali bado, na nyumba imeshapata utulivu!"

Tulicheka sisi, akacheka Abdulrahim, akacheka hata Bimkubwa kwa upande mmoja wa mdomo. Sidi hakucheka. Aliona jicho la mavyaa wake likiupima mzinga, na tangu siku hiyo akaazimia kutotaja nyuki mbele yake. Alidhani wakisahauliwa ndiyo salama yao.

Mwaka wa kwanza nyuki walikula maua ya mkanju wakashiba. Yalipokwisha, kaskazi ikaingia na jua lake, Sidi akaanza kuwaona wakitoka asubuhi na kurudi mikono mitupu. Alijua dalili hiyo. Akalima kipande cha nyuma, kati ya nyumba na mkanju. Akapanda kivumbasi na mrehani, akapanda mbaazi na alizeti, na palipoota kishonanguo chenyewe akakiacha. Kila kitu aliacha kichanue mpaka kizeeke. Maji ya kuoshea vyombo akayapeleka huko. Nyuki wakakaa, ingawa kwa shida, maana jua likikaza hata kivumbasi hukata tamaa.

Hapo ndipo ilipoingia komfri.

Abdulrahim alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu pale Diani, kikongwe mwenye bustani kubwa na sikio moja linalosikia. Uhuru ulikuwa unanukia, na bibi yule alikuwa ameanza kufunga masanduku. Siku moja Abdulrahim akamsimulia habari za nyuki wa mkewe, basi tu, maongezi ya jikoni. Kikongwe akaenda akarudi na kikopo cha mbegu nyeusi zinazong'aa kama vichwa vya sisimizi.

"Anasema inaitwa komfri," Abdulrahim akamweleza mkewe. "Mizizi yake inakwenda chini kama inatafuta pesa ya babu. Ukiipa maji ya vyombo haijali jua, inachanua tu. Nyuki wa kwao wanagombana kwa ajili yake."

"Lete basi tupande."

"Ngoja. Kwanza zilale kwenye friji."

"Nini?"

"Ile friji ya bibi, ya mafuta ya taa. Nimeziweka, zimekaa karibu na siagi. Ati mbegu hizi haziamki mpaka zipigwe baridi kwanza. Zidhani zimepitiwa na kipupwe cha Ulaya, ndipo zikisikia joto ziseme, alhamdulillahi, kumekucha."

Sidi akamtazama kuona kama ni mzaha. "Kwa hiyo zinadanganywa."

"Zinadanganywa."

"Maskini," akasema Sidi. "Mbegu nzima."

Masika yalipoanza akazipanda kwenye madebe, akayapanga kivulini chini ya mkanju. Mvua ikanyesha wiki baada ya wiki. Hakikuota kitu. Bimkubwa akipita pale alitazama madebe yenye udongo mtupu, akatazama ile nyuma ambayo sasa alizeti ilimzidi kimo.

"Mwanangu, hapa umepanda nini?"

"Maua tu, mama."

"Mbona hayaoti?"

"Yamelala, mama."

"Aa." Bimkubwa akaigeukia alizeti. "Na haya mengine, hayalali?"

"Naam, mama," akasema Sidi, jibu lisilokuwa na swali lake.

Angeweza kusema pale. Neno lenyewe lilikuwa fupi: ni chakula cha nyuki wa baba. Lakini alikumbuka ule mdomo uliovimba, akalimeza. Bimkubwa naye angeweza kuuliza tena. Lakini mwanamke wa heshima hamhoji mkaza mwana wake kama karani wa mahakama. Basi heshima mbili zikatazamana, kila moja ikasubiri mwenzake aanze, na mpaka leo hatujui kama kuna kitu kilichowahi kutupotezea mambo mengi kuliko adabu.

Mwishoni mwa masika, Sidi alipokuwa amekwisha kata tamaa, debe moja likatoa majani mawili, kisha jingine. Zilizochipua zilikuwa chache, nyingine zikaendelea na usingizi wao wa Ulaya. Akazihamishia ardhini pale maji ya vyombo yalipotuama. Majani yakapanuka, mapana yenye manyoya, ukiyagusa kama ulimi wa ng'ombe. Sidi akawa anazitazama asubuhi na jioni. Kila aliyetoka Mwabungo kwenda bara alipewa salamu zilezile ampelekee mzee Mwinga, ambaye sasa alikuwa haamki kitandani: nyuki wako wapo, na nimewapandia ua la Wazungu.

Huku kijijini sisi tulikuwa tumepata mchezo. Mwanafatuma ndiye aliyeuanza.

"Wifi," alikuwa akimwambia, "wenzio wanafuga mbuzi, wewe unafuga nyasi? Utazikamua lini tunywe chai?"

"Zikizaa, wifi," Sidi alijibu akitabasamu.

Mzaha ukatoka uani ukafika kisimani. Huko wanawake wakamwambia Bimkubwa mwenyewe: "Bi wee, nyumba yako mbele Unguja, nyuma Shimba! Twasikia ndovu wamekuja kuuliza chumba."

Bimkubwa alijitwika ndoo yake. "Mwanangu ana mzazi mgonjwa," akasema. "Mtu mwenye mgonjwa mkono wake mmoja uko kwa Mungu. Nyinyi fagieni kwenu."

Hivyo ndivyo alivyoielewa ile nyuma. Aliiona ni huzuni iliyoota majani. Alfajiri alipofika na ufagio wake pembeni mwa nyumba alisimama, akaitazama, akarudi, asije akamwaibisha binti wa watu kwa kumfanyia kazi yake mbele ya macho yake. Na kila alivyojizuia, ndivyo ilivyomkera moyoni, kama mtu anayeona uzi umening'inia kwenye nguo ya mwenziwe na hathubutu kuuvuta.

Desemba ikaingia. Kila mahali ilikuwa uhuru, uhuru. Watoto waliimba hata msalani. Komfri moja ikatoa shina la ua, likajikunja ncha yake kama mkia wa nge, na ndani ya mkunjo ule vikaonekana vitone vyeupe vimefumba. Sidi alimwita mumewe aje atazame. Wakachutama wote wawili kama watu wanaosikiliza mlango.

"Baada ya siku chache tu," akasema. "Nitampelekea baba moja mkononi aione."

Kesho yake kijana akafika kwa baiskeli kutoka bara, uso wake umetangulia na habari. Mzee Mwinga amefariki.

Waliondoka saa ileile, Sidi na Abdulrahim. Kanga ya Sidi ilikuwa imefungwa vibaya, na Bimkubwa akamfunga upya kama mtoto.

"Mungu akupe subira, mwanangu. Nenda kamzike baba. Nyumba niachie mimi."

Sidi akafungua mdomo. Abdulrahim alituambia baadaye kwamba aliona kabisa mkewe anataka kusema kitu, akageuza hata shingo kuelekea nyuma ya nyumba. Kisha kilio kikamwahi.

"Naam, mama," akasema.

Mkuu wa mtaa alipita siku ya pili kutangaza kwamba siku ya bendera wakubwa watatoka Kwale, na kila mtu asafishe kwake. Kwa Bimkubwa tangazo hilo lilikuwa kama kumwambia samaki aoge. Lakini usiku ule, anasema mwenyewe, alimfikiria Sidi. Alimwona anarudi kutoka makaburini, macho yamevimba, anazunguka nyumba, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni pori. Kazi ambayo hakuwa na nguvu nayo, imemkalia inamsubiri. Akasema, hapana.

Asubuhi akapita nyumba kwa nyumba kuita mweria. Mweria wetu ni ule mkono wa pamoja: leo kwako, kesho kwangu, na aliyefiwa haulizwi zamu yake.

"Twende tukamfute machozi Sidi," akasema. Na hakuna aliyekataa. Hata wale wa kisimani, wenye ndovu wao, walikuja na majembe. Labda wao ndio waliokuja mbele, kwa sababu walijua walikuwa wametania sana.

Walichoma makumbi ya nazi ili moshi uwapumbaze nyuki, kisha wakaingia. Wakang'oa alizeti, wakafyeka mbaazi, wakakilaza kivumbasi mpaka kijiji kizima kikanuka dawa ya mbu. Waliimba. Mwanafatuma alikuwa mstari wa mbele, jembe linapanda linashuka, mpaka likasimama.

"Mama, hii nayo? Ina manyoya kama sikio la punda. Na imekunja mkia."

Bimkubwa akaja, akainama, akaitazama vizuri. Tunajua aliitazama vizuri kwa sababu amelisema hilo mwenyewe mara nyingi mno.

"Kila gugu lina sura yake," akasema. "Ng'oa."

Mzizi ulikuwa mweusi nje, mweupe na utelezi ndani, na ulikwenda chini hasa. Walichimba, wakaukatakata, vipande wakavirusha jaani pamoja na taka nyingine na ule udongo wa madebe. Kisha Bimkubwa akafagia. Alifagia kama hajapata kufagia, mistari ya chelewa imelala sambamba kutoka ukutani mpaka kwenye mkanju. Chokaa iliyobaki baada ya kupaka kuta kwa ajili ya sherehe wakaupaka mkanju mpaka kiunoni, ukasimama pale kama askari aliyevaa kaptura. Wakanywa chai na mahamri. Tuliopita tuliona uwanja unang'aa, tukasema kweli, huyu Sidi amepata mavyaa.

Walirudi kutoka bara jioni ya kuamkia sherehe. Bimkubwa alimpokea njiani, wakalia pamoja, kisha akamshika mkono.

"Njoo, mwanangu. Njoo uone wenzio walivyokukumbuka."

Akampeleka nyuma. Sidi akasimama. Wanawake kadhaa walikuwa wamekuja kutoa pole, wakawa wanamtazama uso wake, wanasubiri. Abdulrahim aliweka mzigo chini taratibu mno, kama mtu aliyebeba mayai.

Sidi alikwenda mpaka kwenye mkanju, akaweka sikio kwenye shina jeupe. Walikuwa bado wanavuma. Akageuka, na chokaa imemshika shavuni.

"Ahsante, mama," akasema. "Ahsanteni nyote. Mmefanya kazi kubwa. Mungu awalipe."

Na ungemwambia nini mtu, hata wewe? Watu wameacha mashamba yao wakuoneshe huruma, na viganja vyao vina malengelenge ya huruma hiyo. Abdulrahim alipotaka kusema, mkewe alimkanyaga kidole cha mguu.

Siku ya bendera tulijaa kiwanja cha shule. Mkubwa aliyetoka Kwale alikuwa na hotuba ndefu. Alianza na babu zetu na mchana ulimkuta bado hajatuzaa sisi. Mara tukasikia mvumo. Wingu dogo jeusi likatokea upande wa nyumba ya Bimkubwa, likashuka usawa wa mlingoti, likaizunguka ile bendera mpya kama linaisoma. Waliosimama wakainama, waliokaa wakalala, na mkubwa akapumzisha hotuba. Wako waliosema ndiyo faida ya kwanza ya uhuru.

Mwanafatuma, akiwa amelala kifudifudi na mtandio kichwani, hakuweza kujizuia.

"Tazameni! Hata nyuki wetu leo wamepata uhuru wao!"

Kiwanja kizima kikapasuka kicheko. Bimkubwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya leso. Kisha akamwona Sidi. Peke yake katika kiwanja kile alikuwa amesimama wima, anawafuata kwa macho. Wingu likapanda, likapita juu ya minazi, likaelekea bara, au mahali pengine tu, nani ajuaye. Alisimama vile hata palipobaki mbingu tupu.

"Ndiyo, wifi," akasema, bila ukali wowote. "Wameupata."

Akajitanda kanga yake akarudi nyumbani.

Bimkubwa hakuisikiliza tena hotuba. Alimvuta mwanawe kando, nyuma ya choo cha shule.

"Kuna nini? Nyuki tu hao. Mbona amekaa kama amefiwa mara ya pili?"

Abdulrahim akamweleza yote, kwa mpangilio mbaya, kama wanaume wanavyoeleza: friji, kikopo, kivumbasi, maneno ya mzee alipowapa mzinga, ule mkia wa nge uliokuwa karibu kufunguka. Bimkubwa alisikiliza huku leso yake imemziba mdomo.

"Ile nyuma nzima," akasema mwishowe, "ilikuwa jiko lao?"

"Ilikuwa jiko lao, mama."

"Na hakuniambia."

"Alikuogopa. Ule mdomo."

"Mdomo!" Bimkubwa akaugusa. "Mdomo uliopona siku ileile! Angeniambia ni wa babake, ningefagia mpaka Mombasa na hapo nisipaguse!" Na sauti yake ikakatika, kwa sababu alijua, na mwanawe alijua, kwamba kuambiwa si sharti. Angeweza kuuliza.

Kumwomba radhi mkaza mwana waziwazi, kwetu, si jambo linalofanyika, midomo haijazoea. Bimkubwa alijaribu kila kitu kingine. Alipita nyumba kwa nyumba, zilezile alizoitia mweria, akiomba mbegu za kivumbasi. "Uling'oa wewe mwenyewe, Bi," wakamwambia. "Ndiyo maana ninaomba mimi mwenyewe," akajibu. Alipanda, katikati ya kaskazi, na jua likala yote. Alipanga vibakuli vya maji ya sukari chini ya mzinga, wakaja sisimizi, wakamshukuru. Abdulrahim aliulizia mbegu nyingine Diani, lakini masanduku yalikwisha pakiwa, kikongwe yule ameshapanda meli, na friji imeuzwa. Na Mwanafatuma, yule ambaye hatukujua kama ulimi wake una kituo, kwa muda mrefu hakutania mtu. Tulimsikia siku moja akimwambia wifi yake huku wanapeta mchele, "Lile neno la kiwanjani, wifi. Lilinitoka."

"Lilikuwa neno zuri," Sidi akasema. "Baba angelicheka."

Hilo lilimliza Mwanafatuma kuliko kama angetukanwa.

Masika yakarudi. Jaa la Bimkubwa liko pembezoni, chini ya ukingo, mahali ambapo maji yote ya mvua hupita kwenda baharini. Asubuhi moja Sidi alikwenda kumwaga majivu akamkuta mavyaa wake amechutama pale, ufagio umelazwa chini, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona.

"Njoo," Bimkubwa akasema bila kugeuka. "Hili ni lile?"

Kutoka kwenye maganda ya muhogo na majivu yalikuwa yametoka majani mapana yenye manyoya. Si shina moja. Kila kipande cha mzizi walichokikatakata kilikuwa kimekasirika kikawa mche wake. Na pembeni, palipomwagwa udongo wa madebe, vijichipukizi vidogo vya mbegu zilizokuwa bado zimelala.

"Ndilo, mama."

"Basi lina moyo," akasema Bimkubwa. "Kunishinda mimi."

Tangu siku hiyo jaa lile likapata heshima ambayo misikiti mingine ingeionea wivu. Ukitupa ganda la chungwa pale ulisikia Bimkubwa akikukemea kwa jina lako la ukoo. Takataka zikahamishiwa kwingine. Maji ya vyombo aliyapeleka Bimkubwa mwenyewe, kila siku, kwa kata. Na nyuma ya nyumba, usawa wa pembe ya ukuta, ufagio wake ulifika ukasimama, ukaacha mstari kwenye mchanga. Ng'ambo ya mstari kivumbasi kiliota kama kilivyotaka. Wanawake wa kisimani waliona, na safari hii hakuna aliyemwona ndovu.

Kaskazi iliyofuata, kila kitu kilipokauka, komfri ikachanua. Mikia ya nge ikakunjuka, kengele ndogo nyeupe zikashuka mafungu mafungu. Kwanza akaja yule nyuki mweusi mkubwa atoboaye mbao za paa; alitoboa ua kwa juu akanywa akaenda zake. Kisha, kupitia matundu yake, wakaja wadogo.

Bimkubwa alipiga ukelele. Sidi akatoka jikoni mbio na unga mikononi.

"Wamekuja! Mwanangu, wamerudi! Si wale? Waangalie, si wale?"

Sidi akasimama kando yake. Aliwatazama wakiingia na kutoka, miguu imejaa chavua. Akamtazama mmoja aliyeshiba akipanda, akayumba kidogo, akashika njia yake juu ya paa la jirani. Wa pili akafuata njia hiyohiyo. Mzinga wa mzee Mwinga ulikuwa palepale kwenye mkanju, hatua chache tu kutoka hapo. Sidi alikuwa ameupaka nta na kuufukiza, na ndani yake alikaa mjusi.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la miaka yote. Bimkubwa mwenyewe alikuwa amemgeukia kulipokea, uso umeng'aa kama uwanja wake.

"La, mama," Sidi akasema. "Si wao."

"Umejuaje?"

"Wangekuwa wao wangeishia hapo mzingani. Hawa wana kwao. Wanakula, wanakwenda."

Kidole cha Bimkubwa kilikuwa bado hewani, kinawaelekea. Akakishusha polepole.

"Hata wajukuu zao?"

"Sijui, mama. Sidhani."

Mavyaa akatikisa kichwa kwa kukubali, mara nyingi, kama anayelipokea jambo kwa vipande. Kisha akainama akachota maji, akampa Sidi ile kata. Sidi akamimina taratibu, shina kwa shina, nyuki wakamsogea mikononi wala hawakumuuma. Bimkubwa akaokota ufagio wake, akarudi nyumbani. Akafagia kutoka mlangoni, chwa, chwa, chwa, mpaka kwenye ule mstari, akakomea hapo, akabaki ameegemea mpini, akitazama ng'ambo.